Difu Kutoka Gari Lililo Hai

Wapendwa, leo nawaomba mnifuate gereji. Najua wengine mmevaa nguo za kutoka, na akina mama naona vitenge vipya, lakini twendeni hivyo hivyo. Oili ya huko haitawagusa.

Kulikuwa na mtu mmoja aliyeachiwa gari na baba yake. Si gari la namna ya haya tunayoyaona leo barabarani. Jina lake silitaji, maana nikilitaja tu, wanaume mlioko pale nyuma mtaanza kubishana habari za injini yake, na mahubiri yataishia hapo. Niseme tu lilikuwa pikapu la zamani sana, lenye madigadi ya mviringo na taa mbili zilizotokeza kama macho ya chura. Boneti lake lilifunguka pande zote mbili, kama mbawa za kuku anayeatamia. Kiwanda kilichoyaunda magari ya aina ile kiliacha kuyaunda wengi wetu hatujazaliwa.

Baba wa mtu huyu alilitumia pikapu lile maisha yake yote. Kahawa ya kijiji ilishuka nalo. Mabati ya kanisa yalipanda nalo. Mgonjwa akizidiwa, watu walikwenda kupiga hodi kwa mzee yule, na mtu akifa mbali, mzee yule ndiye aliyekwenda kumrudisha nyumbani. Kisha mzee naye akafa, na gari likasukumwa bandani, likakaa. Kuku wakapanda juu, panya wakaingia kwenye viti. Kutu ikaanza kula pole pole, kama ilivyo desturi ya kutu, haina haraka.

Yule mtoto wake, ambaye sasa alikuwa mtu mzima mwenye mvi, akalipenda gari lile. Alianza kwa kulipangusa tu. Kisha akafungua taa, akazisafisha. Kisha akaacha kwenda kwenye mpira Jumamosi, akawa anakwenda bandani. Akamtafuta fundi mmoja mzee wa magari ya kale, wakaanza kulifufua wote wawili, kipande kwa kipande. Na ninyi mnajua ilivyo shida kupata spea ya gari ambalo halipo tena. Kioo alikipata kwenye banda la mbuzi, wenyewe walikuwa wamekifanya dirisha. Usukani aliukuta ukutani kwenye baa moja, umetundikwa kama pambo. Mpini wa mlango ulitoka Mombasa kwenye basi, umefungwa ndani ya soksi. Kila kilichopatikana, yule mtu alikishika kwa mikono miwili, kama mtu anayepokea Meza ya Bwana.

Watu wakamcheka, kwani wangeacha? "Bwana, unafuga kaburi la chuma." Mke wake naye akasema, "Mimi nikiumwa utanitafutia figo kwa bidii hiyo?"

Na ndugu zake wakachoka. Walitaka banda lile wajenge. Wakamwambia, "Kaka, tumekuvumilia. Wenye vyuma chakavu watakuja na mizani yao tukishavuna. Gari likiwa linatembea, litoe uende nalo. Likiwa halitembei, litakatwa na kuuzwa kwa kilo."

Sasa sikilizeni, hapa ndipo penye mambo. Gari lilikuwa limekamilika, isipokuwa kitu kimoja.

Mimi sikusoma sana, na haya ya magari nimeelezwa na mafundi. Nikikosea, mafundi mliomo humu mtanisahihisha baada ya ibada, si sasa. Kule nyuma, chini ya gari, katikati ya magurudumu mawili, kuna chuma kimevimba kama chungu. Mafundi wanakiita difu. Injini iwe na nguvu kama za tembo, nguvu hizo haziyafikii magurudumu mpaka zipite kwenye chungu kile. Ndani ya chungu mna gia mbili, moja kubwa kama sahani, moja ndogo kama ngumi. Ile ndogo huisukuma ile kubwa, na gari linaondoka.

Na gia hizi mbili, nilivyoelezwa, huzaliwa pamoja. Kiwandani husagwa pamoja, jino la hii likisuguliwa kwa jino la ile, mpaka zikubaliane. Halafu zikishatembea miaka na miaka, kila jino limelainika kwa kumfuata mwenzake. Chuma kwa chuma, gizani, ndani ya mafuta, hakuna jicho linaloziona, na zinajuana kuliko mtu na mkewe. Ndugu zangu, nilipoelezwa hivyo niliinamisha kichwa. Kama chuma kinaweza kuzoeana hivyo na chuma, Mungu anatufahamu sisi kwa namna gani?

Gari la yule mtu, gia zake zilikuwa zimevunjika meno. Akazitafuta. Akaenda Dar, akaenda Nairobi, akaingia hata nchi ya tatu, akalala kwenye mabenchi ya stendi. Mwishowe akapata gia ndogo peke yake, mpya, imekaa kwenye karatasi yake ya grisi tangu kuundwa. Akarudi akiimba. Fundi akaitazama, akaitazama tena, akasema, "Mwenzake yuko wapi?"

"Si ile kubwa tuliyonayo? Imevunjika meno machache tu, tutaijaza."

"Bwana mkubwa, hizi zimeoana. Huwezi kumleta bibi harusi mpya kwa mume wa mtu. Zitapigana."

"Funga, fundi. Muda umekwisha."

Fundi akafunga, kwa kuwa gari si lake. Wakaliwasha, likaenda mpaka kwenye mti wa kwanza likilia kama fisi aliyebanwa mlangoni. Kisha kukasikika mlio mmoja, ko! Wakafungua chungu, wakakuta meno ya gia zote mbili yamelala ndani ya mafuta kama punje za mahindi. Kipya kimekwenda, na cha zamani kimekwenda.

Yule mtu akakaa chini. Akasema, "Basi. Waje na mizani yao."

Lakini kuna mtu aliyekuwa akiuza matairi, alikuwa amesimama pale akitazama, akasema, "Mbona kuna mama mmoja ng'ambo ya mlima, kule kwenye mashamba ya viazi, ana gari kama hili? Mjane. Anaendesha mwenyewe. Kila Jumapili anakwenda nalo kanisani na wamama wenzake wamejaa nyuma."

Mnadhani walilala? Kulipokucha walikuwa njiani, yeye na fundi wake na mfuko wa vifaa.

Wakafika. Wakapiga hodi. Akatoka mama mzee, amejifunga khanga kiunoni, mikono ina udongo wa viazi. Na nyuma yake, chini ya kibanda cha bati, wakaliona.

Ninyi nyote mmewahi kuwaona mapacha, mmoja amekua vizuri na mwenzake amedhoofu kwa maradhi. Ndivyo ilivyokuwa. Gari lile lile, madigadi yale yale, macho yale yale ya chura, lakini hili lilikuwa hai. Rangi yake ilikuwa ile ile ya kiwandani. Viti vilikuwa vimefunikwa vitambaa vilivyofumwa. Lilikuwa limenawishwa kama mtoto wa Jumapili. Fundi akavua kofia.

"Shikamoo mama."

"Marahaba baba zangu. Karibuni. Mmetoka wapi?"

"Ng'ambo ya mlima, mama. Tumekuja kukusalimia."

Mama akawapa vigoda, akawatazama. Akasema, "Mwanangu, wewe hukuja kusalimia. Tangu uingie hujaniangalia usoni. Unaliangalia gari langu kama fisi anavyoangalia mbuzi wa watu."

Wakacheka wote, na yule mtu akaona haya. Mama akaingia garini, akaliwasha, ili tu wageni wasikie. Halikukohoa. Likanguruma chini chini, kama paka aliyelala juani. Akalipeleka mbele kidogo, akalirudisha. Fundi alikuwa amepiga magoti kwenye majani, sikio lake karibu na kile chungu cha nyuma, na alipoinuka macho yake yalikuwa yamelowa. Akasema kwa sauti ndogo, "Sijawahi kuzisikia zikiwa nzima. Maisha yangu yote nimezisikia zikiwa zinakufa."

Mama akazima gari. "Haya, mwanangu. Sema neno lenyewe."

Yule mtu akaeleza yote: baba yake, kuku, kioo cha banda la mbuzi, gia ndogo iliyovunjika, ndugu na mizani. Alipofika mwisho akasema, "Nilikuja kuomba difu, mama. Nilidhani nitakuta gari bovu kama la kwangu, limeegeshwa. Sasa nimeona. Hili siwezi kuliomba. Tunashukuru kwa kutupokea."

"Nikikupa, la kwako litatembea?"

"Litatembea, mama."

"Na usipopata?"

"Litakatwa wiki hii."

"Na la kwangu?"

Hapo yule mtu akashindwa kujibu. Fundi ndiye aliyejibu. "La kwako, mama, halitatoka tena kwenye kibanda hiki. Hakuna nyingine. Tumezunguka nchi tatu."

Mama akaitikia kwa kichwa. Akaingia ndani. Wakadhani amekwenda kuleta chai. Wakakaa wakitazama chini kama watu waliotukana bila kukusudia. Aliporudi alikuwa amebeba gunia dogo lenye vyuma vinavyogongana ndani. Vilikuwa vifaa vya marehemu mumewe, vimepakwa mafuta, vimetunzwa. Akalitua mbele ya fundi.

"Anza mapema. Nati za kule nyuma ni ngumu."

"Mama!" yule mtu akasimama. "Utakwendaje kanisani?"

"Miguu ninayo."

"Na wale wamama unaowabeba?"

"Nao wanayo."

Akataka kutaja bei, mama akamnyamazisha kwa mkono.

"Lakini kwa nini, mama?"

"Si umesema la kwako litakufa?"

"Ndiyo, mama."

"Sasa unaniuliza nini tena?"

Wapendwa, mimi nimekaa na jibu hilo mpaka nikaona aibu. Maana mimi nikimpa mtu kitu, huwa nina maelezo marefu. Natoa shati na hotuba. Mama yule alitoa gari lake zima, na maelezo yake hayakujaza kiganja.

Fundi alilala chini ya gari, spana mkononi, na hakuanza. Mama akainama. "Vipi, umekwama?"

Fundi akasema kutoka kule chini, "Mama, mikono hii imefungua magari mengi yaliyokufa. Lililo hai sijawahi kulifungua. Niombee."

Mama akaweka mkono juu ya bati la gari, akaomba. Maombi yenyewe hayakuwa marefu. Kisha nati ya kwanza ikalia, ikaachia.

Walipozitoa zile gia wakaziweka juu ya kitambaa cheupe, zinang'aa, mafuta yanatiririka. Fundi akapitisha kidole kwenye jino moja moja na hakikukwama popote. Hata majirani waliokuja kwa umbea wakasogea polepole. Ilikuwa kama wamezunguka kitanda cha mtoto aliyezaliwa sasa hivi. Au niseme, kama wamezunguka kitanda kingine. Maana kwa pembeni lile gari zuri lilikuwa limekaa juu ya mawe, tumbo wazi, na mama alikuwa akilifunika kwa kitenge chake.

Yule mtu akapiga magoti akamshika mama miguu. "Mama, sikiliza. Kila Jumapili nitakuja kukuchukua. Hutakwenda kanisani kwa miguu maadamu gari lile lina uhai. Mungu ananisikia."

Mama akasema, "Haya, mwanangu. Inuka, utachafua suruali."

Wakaenda, wakazifunga. Wenye vyuma chakavu walipofika na mizani yao, walikuta uwanja umejaa watu na pikapu linazunguka nyumba, kuku wanakimbia huku na huku, ndugu wa yule mtu wanalia kama watoto kwa sababu wamesikia sauti ya baba yao ikirudi kutoka shambani. Yule mwenye mizani aliiweka chini, akaomba apandishwe nyuma azunguke na yeye. Akapandishwa.

Na Jumapili ile mtu yule alikwenda ng'ambo ya mlima, akamchukua mama, akamketisha mbele. Jumapili iliyofuata pia. Watu wakimwuliza, "Bwana, gia ulizipata wapi?" alikuwa anasema, "Nilipewa na huyu mama hapa. Mnamwona? Huyu." Na machozi yanamlenga.

Je, mnadhani mtu anasahau kitu kama hicho? Semeni kweli. Mnatikisa vichwa, mnasema hapana, haiwezekani. Mimi nawaambia kusahau hakuji na ngoma. Kunaingia kama kutu.

Gari likapata sifa. Likaitwa kwenye harusi. Likapigwa picha. Kukawa na chama cha watu wenye magari ya kale mjini, wakamwalika, wakampa kofia yenye nembo. Jumapili moja akachelewa, akamtumia mama salamu. Jumapili nyingine akakosa, salamu zikatumwa kesho yake. Baadaye hata salamu hazikutumwa. Na watu walipomwuliza habari za gia, alisema, "Mama mmoja alinisaidia." Ikapita miezi, wakamwuliza, akasema, "Acheni tu, nilihangaika nchi tatu." Na siku waandishi walipokuja na kamera wakamwuliza, mkono wake ulikuwa umelalia boneti, akasema, "Hili gari nimelifufua kwa mikono yangu mwenyewe."

Alikuwa anadanganya? Yeye alikuwa anaamini. Hilo ndilo linalonitisha.

Ikafika Jumapili ya kiangazi, barabara imekuwa unga mtupu. Chama kilikuwa na maonyesho yao kule upande wa pili, na njia inapita ng'ambo ya mlima. Yule mtu akajaza wageni wa heshima, akavaa kofia yake yenye nembo, akapanda mlima. Mbele yake barabarani walikuwa wanatembea wanawake wawili, viatu mkononi, wanakwenda ibadani. Mmoja akageuka, akainua mkono.

Yule mtu akapiga honi wapishe.

Wakaruka kwenye mtaro. Gari likapita, na vumbi likawafunika mpaka hawakuonana wao kwa wao.

Yule jirani aliyekuwa na mama akapiga kelele akikohoa, "Mama! Si ndilo lile? Si ndiye yule aliyekushika miguu? Hana haya! Hana hata chembe ya haya! Ngoja nimwokotee jiwe!"

Mama akamshika mkono. "Hebu nyamaza."

"Ninyamaze nini, na vumbi lake umelila?"

"Nyamaza nisikie."

Akasimama mtaroni, macho amefumba, nyusi nyeupe kwa vumbi, kichwa kimeinama upande mmoja. Gari lilikuwa linapanda ule mwinuko wa mwisho. Dereva akabadilisha gia. Mama akaendelea kusikiliza, mpaka sauti ikazunguka mlima, ikapungua, ikapotea.

Akafumbua macho. "Umesikia?"

"Nimesikia nini?"

"Pale kwenye mwinuko. Meno yangekuwa na kasoro, yangelia pale. Hayalii." Akachukua upindo wa khanga akajifuta uso, na alikuwa anatabasamu. "Linavuta vizuri. Linaishi."

Kisha wakaendelea na safari yao, kwa miguu.



Ndugu zangu, sisi tulikuwa bandani. Tusidanganyane. Kuku walikuwa juu yetu na wenye mizani walikuwa njiani, na ilikuwa haki yao kuja. Kile tulichokikosa hakikuwa cha kujazia. Tulijaribu kujifunga kajino kapya hapa na pale, tabia nzuri kidogo, sadaka kidogo, kwenye moyo ule ule uliovunjika, tukaenda mpaka kwenye mti wa kwanza tukilia. Na Mungu hakuwa na kingine stoo. Nisikieni vizuri. Sisi hatukupewa kitu cha akiba kilichokaa rafuni mbinguni kikisubiri mteja. Alikuwa na Mwana mmoja, naye alikuwa hai. Niambieni, ni fundi gani hufungua lililo zima ili kufufua kuukuu? Duniani tunafanya kinyume, tunakata bovu ili zuri liendelee. Mbinguni walikata lililo zima. Nikisimama pale msalabani nikalitazama jambo hili, wapendwa, maneno yananiishia kama yalivyomwishia yule mtu kwenye uwanja wa mama. Unabaki kuvua kofia tu.

Kwa nini, Bwana?

Si umesema utakufa?

Basi, na sisi tunaotembea leo, tunatembea kwa nini? Pumzi hii niliyovuta sasa hivi imetoka wapi? Sikieni ushuhuda wetu ulivyoanza. Siku zile ulisema, "Ni Bwana," na machozi yanakulenga. Siku hizi unasema, "Tumejitahidi." Hapa siwanyoshei kidole peke yenu. Juzi tu mgeni aliniuliza kanisa letu limepataje paa, nikaanza kumhesabia vikao nilivyoitisha. Mungu nilikuja kumtaja mwishoni, wakati wa kuagana. Nami nina ile kofia yenye nembo.

Na yule mama anatembea barabarani kwa sura nyingi. Yupo dada yako mkubwa aliyetolewa shule ili wewe uendelee, leo ukiwa na wageni unampitisha mlango wa jikoni. Yupo mzee aliyekuweka kwake ulipofukuzwa. Yupo mke aliyezeeka akikusukuma, na sasa unapomwona njiani unampigia honi. Hawalaani. Hilo ndilo ajabu ya Mungu ndani yao. Wamesimama mtaroni wamejaa vumbi letu, wanasikiliza kama bado tunavuta, na wakisikia tunavuta wanashukuru. Kama wangetulaani ingekuwa nafuu.

Najua mnataka kuniuliza, mchungaji, sasa yule mtu ilikuwaje? Alitazama kioo cha nyuma? Aligeuza? Alikufa na kofia yake? Wengine mmeshaanza kumkasirikia, naona kwenye nyuso. Mnamtafuta.

Hamna haja ya kwenda mbali. Yuko safarini bado. Sikuleta habari za mtu wa zamani. Gari linapanda, wageni wanacheka, na vumbi liko nyuma. Amekaa humu ndani asubuhi hii, kwenye benchi, na anajua ni Jumapili ipi aliyoacha kwenda ng'ambo ya mlima.

Ndugu yangu, kanyaga breki.